Ukuta wa Nne

Hapa Jelšovka, ukishavuka reli
na ghala la viazi la akina Hudec,
utaona banda lenye kuta tatu nene,
unene wa mkono mzima, bega hadi kidole cha kati,
na ukuta wa nne wa mbao tupu.
Mama alizoea kuniambia:
huo mwembamba ndio uliojengwa kwa akili.
Baruti ikighadhibika ipate pa kutokea,
itoke na mbao, itoke na paa,
itoke na walio zamu, wote waishie mtoni,
na banda la jirani liendelee na kazi.

Jina lake Drahomíra.
Miaka ishirini na sita alijaza unga
katika vichwa vya makombora
kwa kijiko cha shaba, maana chuma hutema cheche.
Mlangoni walimpekua:
pini za nywele, vifungo, pete ya ndoa.
Sweta la sufi, hapana.
Kiberiti, usiulize.
Alirudi na viganja vya manjano,
na foronya yake ilikuwa na doa
lililoshinda sabuni zote za duka la ushirika.
Mimi, kwa utoto wangu, nilidhani
akina mama huiva hivyo, kama mapeasi.

Yale makombora yalikokwenda hatukuuliza.
Masanduku yaliandikwa nambari, si majina ya miji.
Mkate ulikuwa mezani. Tuliupaka siagi.

Kisha kiwanda kikafungwa,
njiwa wakapanga miaka kumi na tisa bila kodi,
mpaka baraza la mji likapiga kura: saba kwa sita.
Yule wa saba, Bwana Vavrinec, alikuwa amesinzia;
aliguswa begani, akainua mkono.
Basi ndivyo tulivyopata nyumba ya sanaa.

Walitangulia watu wa vinyago vya hewa,
wakachota udongo wenye sumu misimu miwili.
Wakafuata mafundi, wakafuata wapaka rangi,
wakafuata watoto wenye gundi vidoleni.
Chumba cha fataki sasa kina piano
ambayo sauti yake moja imekufa,
na Rudko, mwana wa fundi matairi,
ameshajifunza kuiruka kama mtu arukaye dimbwi.

Sakafu hatukuigusa.
Haina msumari hata mmoja:
mbao zimeumana kwa ndimi na vigingi,
yote kwa kuogopa cheche.
Ľubica, mwalimu wa dansi, alivua viatu,
akakanyaga, akazunguka mara moja, akanyamaza.
Akasema hajapata kuona sakafu
inayosamehe kisigino namna hii.
Kumbe woga nao ni seremala hodari.

Wapo wasiofurahi.
Blažej alisimama mkutanini, kofia mkononi:
"Makombora yalinijengea nyumba.
Hivi vyungu vyenu vitamjengea nani?"
Hakuna aliyemjibu.
Nami ninayefundisha ufinyanzi kila Alhamisi
sina jibu mpaka leo; nina tanuri tu,
na deni la tanuri.

Siku ya ufunguzi tulikuwa tumeng'oa zile mbao,
ukuta wa nne ukawa kioo, mto ukaingia ndani.
Mama akaja na mkongojo wake.
Mlangoni akasimama.
Akaanza kuchomoa pini, moja, moja,
akazipanga mezani.
Akavua pete; ilikataa kwenye kifundo,
akailowesha kwa mate, ikatoka.
Msichana wa tiketi, hajui afanye nini,
akampa kibati chenye nambari, kama cha koti.

Mama akaingia, nywele zimemwangukia mabegani,
nywele ambazo sijaziona zikiwa wazi tangu msiba wa baba.
Akachagua kiti kilicho mbali kabisa na kioo.
Kisigino cha kwanza kilipogonga sakafu
alinishika mkono kwa nguvu za mtu wa zamu ya usiku.
Cha pili pia.
Cha tatu sikumbuki.

Pete aliirudia. Pini aliziacha.
Ziko katika bahasha kwenye droo ya tiketi,
juu yake kumeandikwa kwa penseli:
za bibi wa kiti cha nyuma, atazifuata.