Sifuri kwenye Daftari la Sikudhani

Sikudhani alipohamia kwa mwanawe Chanika
aliniachia matuta manane, keni ya kumwagilia
yenye tundu lililozibwa kwa sabuni,
na daftari la shule, jalada lina twiga.
Hakunieleza kitu. Alisema tu:
kodi tarehe tano,
maji ya kisima yana chumvi,
asubuhi chumvi hupungua.

Ndani ya daftari, herufi.
Tuta la kwanza: M, K, V, 0.
La pili: K, V, 0, M.
Kila ukurasa zilezile, zimesogea hatua moja
kama watoto kwenye foleni ya uji.

M niliijua, nani asiyejua mchicha?
K nikasema kunde. V, vitunguu.
Sifuri niliidhania hasara
aliyoona haya kuitaja jina.

Na kwa nini nijali?
Hapa Tabata, chini ya nyaya kubwa za umeme,
ambako nyumba hairuhusiwi na mti mrefu hukatwa,
mchicha huiva siku ishirini na moja.
Havijawa wa Buguruni hufika na bodaboda kabla ya adhana,
hapimi, hukadiria kwa kiganja,
hulipa papo hapo, noti zina umande.
Basi nikawa M, M, M,
matuta manane, miezi kumi na minne,
M kwenye sare ya Kondo,
M kwenye bati jipya la jikoni.

Kisha tuta la tatu likanuna.
Majani yakaungua njano pembeni,
miche ya urefu wa kidole ikatoa maua upesi
kama mgeni anayeaga kabla ya chai.
Nikaongeza samadi ya kuku.
Nikaongeza mbolea ya chumvichumvi, ya mkopo.
Nikaongeza matusi.

Havijawa akang'oa mche mmoja, akaugeuza juu chini:
mizizi imejaa vifundo,
shanga zilizotungwa na mtu mwenye hasira.
«Hii siyo njaa, mwenzangu. Hiki ni kinyaa.
Hata mimi ukinipa dagaa kila siku...»
Hakumaliza. Bodaboda ilikuwa inanguruma
na mchicha wa jirani ulikuwa mzuri.

Usiku nikampigia Sikudhani.
Nyuma yake kuku walikuwa wanagombea kulala.
«K ni kunde?»
«Karanga! Kunde, minyoo fundo huzila vilevile.»
«V?»
«Vitunguu. Uliza kingine, salio lako litaisha.»
«Na sifuri?»
«Sifuri ni sifuri.»
«Hupandi kitu?»
«Sipandi kitu.»
«Na kodi?»
Kuku wakanyamaza, au mtandao ulikatika kidogo.
«Kodi nililipa.»

Nimekaa na neno hilo kama mfupa wa samaki kooni.
Kulipia udongo ulale!
Mimi ambaye hata Jumapili sijailipia.
Nilikaanga vitumbua Ilala miaka sita, stendi ileile,
mafuta yaleyale hadi yakawa meusi,
hadi bega hili likagoma kupanda juu ya kichwa.
Hakuna aliyeniandikia sifuri.

Kondo alikuwa anafanya hesabu chini ya taa.
Nikamwomba kalamu.
Haikutoa wino, nikaipasha kwa pumzi, ikatoa.
Tuta la kwanza: K. La pili: V.
La nne, la tano, nikapiga mahesabu ya mbegu,
nikafuta, nikarudia.
La tatu niliacha mwisho.
Duara langu halikufunga vizuri.

Tarehe tano nimelipa. Elfu nane kwa kila tuta,
na lile lililolala nalo elfu nane.
Havijawa amepita, ameangalia ule uwazi:
«Hapa vipi?»
«Hapa sifuri.»
Amecheka, akanunua matuta mawili badala ya manane,
akaenda kujazia kwa jirani.

Leo nyaya zinavuma, mvua inakuja upande wa Kinyerezi.
Katikati ya tuta la tatu kimeota kitu
chenye majani matatu. Sikukipanda.
Sina herufi yake.
Nimekipita na keni inayovuja,
nimekwenda kumwagilia karanga.