Skafu ya Kijivu

Saa tisa mchana, Vienna. Theluji inaanguka kivivu
kama kibarua asiyelipwa,
nasi tumeshapanga foleni mlango wa pembeni,
sisi wa tikiti za kusimama,
ambazo bei yake haifiki bakuli la supu.

Roswitha kaja na kiti cha kukunja na chupa ya chai.
Anagawa vikombe, anagawa na hukumu:
"Yule mjane jana alilia mapema mno.
Barua hajaifungua, machozi yameshafika shingoni!"
"Labda alijua," anasema Dragana.
"Barua nyingine husomeka kwenye bahasha."
"Basi naye atusomee, tusimame kwa faida!"

Dragana anaendesha tramu,
zamu zake kazipanga zifuate maonyesho.
Ferdl ni fundi wa lifti, si msemaji,
ila hakuna wigi lililompita akalisahau.
"Lile la jana," anasema, akipuliza chai,
"ni la mchezo wa waokaji, mwaka juzi.
Wamelitia rangi tu."
Tunacheka mpaka mlinzi anachungulia dirishani.

Mimi nilifika hapa miaka kumi na mmoja iliyopita
nikikimbia baridi, wala sikufuata sanaa.
Roswitha alinipima kwa macho. Hakuniuliza natoka wapi.
Aliniuliza, "Unapenda kusimama kushoto au kulia?"
Mpaka leo jina la baba yangu hawalijui,
lakini wanajua ni onyesho gani lililonitoa nje
kwenda kulia chooni, na wakati wa mapumziko
nani aliniletea leso.

Milango ikifunguliwa, ngazi zinapandwa mbio,
wenye magoti na wasio na magoti,
na kila mmoja anafunga skafu yake kwenye reli.
Ndiyo sheria: kitambaa kikifungwa, mahali pana mwenyewe.
Aende msalani, aende akale soseji,
reli inamngoja.

Leo Roswitha amefunga mbili:
yake ya zambarau,
na ya kijivu, ya Bwana Navratil,
aliyelazwa wiki ya tatu sasa kwa nyonga.

Kijana mmoja, mkoba mgongoni, nywele zimelowa:
"Hapa pana mtu?"
"Pana."
"Yuko wapi?"
"Amechelewa," anasema Ferdl.
Kijana anaitazama skafu, anatutazama sisi,
anakwenda kujibana nyuma ya nguzo
ambako jukwaa huonekana nusu.

Taa. Kikohozi cha mwisho. Pazia.

Na leo mjane hakulia.
Aliishika barua, akaigeuza, akaitia mfuko wa aproni,
akarudi kumenya viazi.
Ukumbi mzima tulisikia kisu.

Mapumziko, simu ya Dragana imewekwa spika,
tunasema wote kwa pamoja.
"Hakulia!"
"Hakulia?" Sauti ya Navratil ina dawa na usingizi.
"Barua je?"
"Mfukoni! Akamenya viazi!"
Kimya. Nyuma yake kitoroli cha chakula kinapita.
"Viazi vingapi?"
Tunatazamana. Roswitha anafumbua mdomo, anaufumba.
"Vitatu," anasema kijana wa nguzoni,
ambaye hakuna aliyemuuliza.
"Nani huyo?"
"Wa nguzoni."
Navratil anavuta pumzi ndefu.
"Anahesabu. Mpeni mahali pangu.
Ila skafu asiifungue."

Sehemu ya pili kijana aliitazama kwa mikono miwili juu ya reli,
skafu ya kijivu katikati ya mikono hiyo,
akimumunya pipi ya kifua ya Roswitha,
na mjane alipofungua barua hatimaye
nilimsikia akiacha kuimumunya.

Usiku, kituo cha tramu, theluji imeongeza bidii.
Hatukumuuliza jina. Tulimuuliza kama kesho yupo.
Na kuhusu vile viazi, samahani sana,
mimi nilihesabu vinne.