Elburgon, Julai

Mama mkwe ameshuka na gari la jioni,
mkononi mfuko, sweta tatu alizofuma mwenyewe,
na kofia yenye kishungi kama kitunguu.
"Mtoto wa Julai," asema, "havishwi, hufungwa."
Akamfunga.

Nje ukungu umekalia kabichi.
Bati linajikunja, tik, tik.
Namtazama Cherono wangu, wiki ya saba:
furushi lenye pua.

Nangoja mkoromo chumba cha pili.
Ndipo naanza. Kofia kwanza;
nywele zimelowa, zimelala kama nyasi za alfajiri.
Sweta ya kijani. Ya njano.
Blanketi zito, lile la harusi, naliweka sakafuni.
Sweta ya tatu naikunja vizuri,
isije ikanishtaki.

Abaki na fulana ya pamba,
suruali iliyoshonwa na soksi zake,
shuka moja, mwisho kwapani.
Chali. Uso wazi.
Jiko nililitoa tangu saa mbili,
linakufa peke yake barazani.

Vidole vyake baridi. Vidole huongopa.
Nauliza kisogo, kwa mgongo wa mkono:
kikavu, vuguvugu,
kama chai iliyosahauliwa kidogo.
Basi.

Saa kumi mlango unalia.
Tochi ya simu. Mama ameinama kitandani.
Najifanya nimelala.
Anapitisha mkono nyuma ya shingo ya mtoto,
anangoja, anasikiliza pumzi,
anangoja tena.
Kisha anaokota blanketi sakafuni,
ananifunika mimi.