Makaa Yasiyoiva

Mto wetu jina lake ni Maji ya Mafuta,
ila si mafuta yanayotunyima usingizi.
Mlimani, chini ya nyasi wanazolala kondoo,
zimezikwa taka za urani.
Baba yangu alizika, kwa koleo la serikali
ambayo nayo ilishazikwa.

Burulkan hana mtambo. Ana mapipa matatu,
mpira wa bustani,
na magunia ya makaa machanga kutoka Kara-Keche,
yale yanayojaza nyumba moshi bila kuchemsha chai.
"Hayakuwahi kuiva kuwa makaa," asema,
"wala hayakubaki kuwa majani.
Ndiyo maana yana njaa."

Nikamimina ndoo ya kwanza.
Maji yakashuka polepole
kama mtu anayeungama.
Humo gizani mimea iliyokufa kabla ya majina
ina vidole bado:
hushika metali inayopita, ikaiambia, kaa.

Karatasi ya maabara ilifika kwa basi la Alhamisi:
pipa la kwanza, themanini na moja;
la tatu, sita.
Mama aliisoma, akaikunja, akachemsha chai
na kwa mara ya kwanza hakuninusia kikombe.

Lakini kipimo, tukikisogeza kwenye gunia lililotumika,
hulia kama mvua juu ya bati.
"Sasa hili tulipeleke wapi?"
Burulkan akafunga kamba, mafundo mawili.
"Sumu haifi, Nurlanbek. Huhama.
Lete rangi nyekundu. Tuandike."

Baba hakuandika.