Mpira

"Tutapitisha mpira," alisema Daktari Ndahani,
na wewe, Sechelela, ukageuka kumtazama
ukidhani unaletewa wa kuchezea.
Mimi niliwaza ya shambani Hombolo,
mipira myeusi iliyolala chini ya mizabibu,
ambayo chumvi ya kisima huiziba tundu moja moja
mpaka shina la mwisho linakauka nami sijui.
Kila mtu na mpira wake, chumba kimoja.

Mara tatu walisema nimonia.
Mara tatu nikanunua dawa ya maji, ya waridi,
nikaitikisa chupa kama ilivyoandikwa.
Midomo yako ikawa rangi ya zabibu inayoanza kuiva.
Bibi yako akanikemea: usimlinganishe mtoto na mavuno.
Nikanyamaza. Lakini ndiyo rangi niliyoijua.

Daktari alichora nyuma ya risiti yangu ya kiwandani,
ile ya kilo mia mbili na arobaini:
moyo kama kiazi, mishipa minne kutoka mapafuni
inayorudisha damu iliyokwisha kuvuta hewa.
Miwili akaipitishia kalamu, akaipitishia tena,
hadi karatasi ikatoboka. "Hapa pamebana.
Damu inakwama, mapafu yanalowa."
Nikauliza nani aliiminya. Akasema hakuna.
Ulizaliwa kabla ya siku zako; mengine hatuyajui.
Nilimpenda kwa neno hilo, hatuyajui.

Kilo nane na nusu. Hukula tangu saa nne usiku.
Kwenye utepe wa mkono waliandika Sechela;
nikaogopa wasije wakamtibu mwingine,
nikaziba mlango mpaka muuguzi akaongeza herufi.
Wakavaa aproni nzito za risasi
kama watu wanaokwenda kuchimba kitu.

Yaliyofuata niliambiwa tu:
waliingilia kinenani, tundu la sindano,
wakapanda na waya ulio laini kama unywele wa mkia wa ng'ombe,
wakautoboa ukuta ulio kati ya vyumba vya moyo,
wakafika pale mshipa uliposinyaa,
na hapo puto la milimita sita likajazwa.
Sekunde chache. Likaachiwa.
Tena.
Moyo wako ulikasirika, ukapiga ovyo, ukatulia.

Mimi nje nahesabu vigae.
Mama yako, Foibe, yuko chooni anakamua maziwa
yaliyojaa bila mnyonyaji, anayamwaga kwenye sinki.
Alitoka ananuka maziwa na sabuni ya hospitali,
tukakaa bila kugusana.

Saa tisa alasiri daktari akatoka, barakoa imemchora mashavuni.
Sabini na nane imekuwa tisini na mbili, alisema.
Kisha, kabla sijaushika mkono wake:
"Huwa inabana tena. Mleteni Machi."
Machi ni mavuno. Nikasema tutamleta.

Tulikuleta Machi. Tukakuleta Agosti,
safari hiyo wakaacha ndani kichuma cha wavu,
kidogo kuliko punje ya mtama, kikishikilia njia.
"Na hicho nacho?" nikauliza.
"Na hicho nacho tutakitazama."

Mipira ya shambani naizibua kwa asidi kidogo na maji,
nikimaliza mstari wa mwisho wa kwanza umeanza kuziba.
Sijawahi kukaa chini nikasema chumvi imekwisha.
Lakini sijawahi pia kuuita mzabibu kwa jina,
wala kuamka usiku wa manane
kuweka kiganja mbele ya pua yake.

Leo jioni umekalia ndoo iliyopinduliwa,
unakula zabibu na kutema mbegu.
Mwaka jana zilikuangukia kidevuni.
Hii imevuka mguu wangu.
"Baba, nipe mpira," umesema.
Foibe aliuficha juu ya kabati
kwa kuwa unakukimbiza mno.
Nimeushusha. Una upepo kidogo tu.