Kupewa Mgongo

Walimleta Muyeye ndani ya tenga la kuku,
mbwa wa nyuma ya machinjio, rangi ya majivu ya kuni,
sikio moja nusu, mkia kaubana tumboni.
Siku tatu hakula tukimtazama.
Usiku alikula. Tulijua kwa bakuli,
lililolambwa mpaka likang'aa.

Nyevu Charo, mwenye banda, akaniambia:
"Kaa chini, mwalimu. Kaa upande. Usimtazame machoni.
Usimwite. Hana jina bado."
Nikaketi juu ya debe lililopinduliwa chini ya mkilifi,
mimi, Badi, miaka thelathini na mmoja ya chaki,
nikaambiwa ninyamaze.

Kipande cha ini hatumtupii mbele.
Tunakitupa nyuma yake.
"Nyuma? Si atazidi kwenda mbali?"
"Aende. Ashibe hukohuko mbali.
Akirudi, atakuwa amerudi mwenyewe."

Wiki ya kwanza alirudi hatua mbili.
Wiki ya pili, nne. Kisha tuktuk ikapasua mlio barabarani
na hatua zote sita zikamwagika,
tukaanza upya, yeye kwenye pembe ya mabati,
mimi kwenye debe langu,
ini likiingia sisimizi.

Siku moja jua lilichoma, nikainua mkono nivue kofia.
Ni hilo tu. Kofia.
Akajikojolea palepale.
Hakulia, hakubweka. Alijikunja akawa mdogo,
kama anayetafuta tundu la kuingia
ndani ya mwili wake mwenyewe.

Mkunjo ule niliujua.
Darasa la nne, dawati la tatu kutoka dirishani.

*Samaki mkunje angali mbichi:*
kila Januari nililiandika ubaoni
kwa mwandiko wa kujivunia.
Samaki sikumuuliza.
Na lile neno, "mbwa wewe",
lilinitoka mara ngapi
kabla sijamjua mbwa hata mmoja?

Nyevu alikuwa akimimina maji kwenye karai.
Hakusema kitu. Maji yalipojaa aliendelea kumimina.
Dawati la tatu lilikuwa lake.

Tangu hapo kofia naivua nje ya lango.
Mkono naulaza gotini, kiganja juu,
nauacha hapo kama kitu nilichokisahau.
Kamba tuliilaza chini siku kumi na moja
bila kumfunga mtu. Akainusa.
Akaitafuna ncha. Mwisho akailalia.

Jioni nikirudi Barani nanawa,
mara saba, moja kwa udongo, palipogusa ulimi wake.
Mwanamize anihesabia kutoka jikoni, acheka:
"Hiyo ya sita, usinidanganye!"
Ya mbwa naijua hesabu yake.
Ile nyingine
sijui nianzie kwa maji gani.

Asubuhi ya leo manyunyu yalipita, udongo ukanukia.
Alikuja bila ini. Akanizunguka mara moja, mara mbili,
kwato za punda zikapita nje, akasimama, akasikiliza,
akaziacha zipite.
Kisha akalala mkono mmoja kutoka nilipo,
na akanigeuzia mgongo.

Kwetu mtu akikupa mgongo, mambo yamekwisha:
hakuna salamu, hakuna sahani ya pilau ya kutumiana.
Huyu kanipa mgongo wake wote,
uti unaohesabika, kovu la maji ya moto,
mahali pote pa kupigika,
akalala usingizi. Miguu yake yakimbia ndotoni.
Simjui anayemfukuza. Huenda leo
ni yeye anayefukuza.

Sijamgusa. Mguu wangu wa kushoto umekufa ganzi
na adhuhuri inakaribia.
Nyevu amesimama kwenye lango na ufagio.
Nikafungua kinywa, nina jambo la kumwambia,
la miaka ishirini,
naye akaweka kidole mdomoni:
Polepole, mwalimu.
Amelala.