Baridi Haikuwa Kwenye Hesabu

Alinipigia kutoka juu ya kilima,
ndiko mtandao unakopatikana sehemu zile za Uvs,
farasi wake akihema karibu na simu.
Hakunisalimu. Alisema tu:
"Kisanduku chako kimetoa harufu."

Nikajua kabla hajamaliza.

Saa tano za theluji, na njia nzima
naipiga upya hesabu niliyoipiga mwezi wa nane
nikiwa nimevua koti, nimeketi nyasini,
mwanawe Nyambuu akinishikia daftari:
paneli tatu, kila moja volti arobaini na tano nukta sita,
zifungwe mfululizo, chanya ya hii kwa hasi ya ile,
jumla mia na thelathini na sita na ushei.
Kidhibiti chaji kinahimili mia na hamsini.
Nikapiga mstari chini ya jibu.
Nikanywa chai yao ya chumvi, vikombe vitatu,
kama mtu aliyefanya kazi.

Nyuma ya paneli pana kibandiko.
Kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa
kinasema: vipimo hivi ni vya nyuzi ishirini na tano.
Nyuzi ishirini na tano! Nani kaziona huku mwezi wa kwanza?
Hata ndani ya hema la sufi, jiko likiwa jekundu,
ndoo ya maji pale mlangoni hushika ganda.

Na paneli si kama sisi.
Sisi baridi hutukunja; yenyewe huipandisha mori.
Kila uzi wa joto unapokatika, volti inapanda,
haifiki hata nusu kwa zote tatu,
kitu cha kupuuza.
Zidisha mara sitini na tatu.

Saa tatu na robo asubuhi, thelathini na nane chini ya sifuri,
jua likatokeza begani mwa mlima
na volti mia na sitini na mbili
zikapita mlango wa mia na hamsini.
Mlio mmoja, kama kijiti kikavu.
Taa haikuzimika papo hapo; betri ilikuwa na akiba.
Ilizimika usiku wa tatu, ng'ombe wa manyoya akizaa.

Dolgorsuren alinitazama nikifungua skrubu kwa vidole visivyohisi.
"Wewe si mtoto wa Jamsran, wa ng'ambo ya ziwa?"
"Ndiye."
"Kwani kwenu hakuna baridi?"

Sikuwa na neno.

Baadaye nilijaribu kumweleza: mfululizo, sambamba.
Akanikatiza kwa mkono wenye maziwa yaliyoganda.
"Ng'ombe wakijipanga mmoja nyuma ya mwingine
wanasukumana mpaka wa mbele anavunja uzio.
Wapange ubavu kwa ubavu.
Ila lango uliongeze upana."

Miaka miwili chuoni, na sikupata kuelezwa vizuri hivyo.

Basi tukazifunga sambamba, chanya zote pamoja, hasi zote pamoja,
volti arobaini na kitu, baridi ikizidi, hamsini na nne.
Betri zake za ishirini na nne zitashiba, hata kiangazi.
Lakini ampea sasa ni mara tatu,
na ule waya wangu mwembamba ungepata moto,
nikauvuta wote, nikalaza mwingine mnene kama kidole gumba,
nikatia fyuzi kwenye kila paneli.
Kidhibiti kipya nilikitoa dukani kwangu. Hakuuliza bei.
Mimi nilijua: kondoo sita.

Ndama alikuwa amekufa. Hilo halikutajwa.
Ngozi yake ilining'inia nje, ngumu kama ubao.

Nilipowasha, Nyambuu alishangilia. Mama yake akaenda kukamua.
Kisha akarudi, akachukua kaa jikoni,
akaniongoza nyuma ya paneli ya kwanza,
akanionyesha nafasi chini ya kibandiko.
"Andika," akasema.
Nikaandika: −38.
Akasubiri.
Nikaongeza jina langu.